Baba wa Soksi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Lynnette aliwasongea mbwa wao ugali na kuuchanganya na dagaa. Walikuwa wawili, Sheba na Bosko, ndugu wa tumbo moja, na hapo mtaani Chaani hapakuwa na mwizi asiyewajua. Lakini siku hizi Lynnette alitua sufuria haraka na kuondoka. Kumtazama Sheba kulimkumbusha uongo wake.

Mwanzoni mwa mwaka, Sheba alipoanza kutafuta dume, mama alimwonya: "Mfungie bandani, Bosko asimfikie." Lynnette akakimbilia kuruka kamba, komeo akalisahau. Sheba alipozaa, mama aliuliza baba wa watoto ni nani.

"Yule mbwa wa bohari," Lynnette alijibu bila kupepesa macho.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia nyumba ya tatu tu, kwa rafiki yake Njeri, aliyepewa mtoto wa Sheba mwenye miguu myeupe, Soksi.

Soksi hakunenepa. Alihara wiki baada ya wiki. Mama Njeri alimfokea bintiye kwamba anamlisha mabaki ya samaki, kisha akawa anabadilisha chakula kila siku, leo uji, kesho maini. Mbwa akazidi kukonda.

"Ni mimi ninayemuua," Njeri alilia shuleni. Lynnette akampa chapati yake nzima, na mwenyewe akashinda na njaa iliyomstahili.

Jumamosi akaja kwa kina Njeri Daktari Mishi, daktari wa mifugo kutoka Likoni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, wanangu." Alimpapasa Soksi tumbo. "Choo mlichoniletea nimekipima, hakina minyoo. Mamake namjua. Babake ni nani?"

"Mbwa wa bohari," alisema Njeri. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

Lynnette aliyaona macho yale, akashindwa kuvumilia. "Si kweli. Ni Bosko. Niliacha banda wazi, kisha nikadanganya."

Daktari alitua mkoba wake. "Basi sikilizeni. Tumboni mwa mbwa mnakaa bakteria wa aina nyingi, na wengi ni wema, humsaidia kumeng'enya chakula. Ndugu wakizaliana, mtoto huweza kurithi udhaifu uleule kwa baba na kwa mama. Kinga yake hulegea, na bakteria wale wema huweza kupungua. Si kila mtoto, lakini huyu nashuku ndivyo. Na kubadilishiwa chakula kila siku kumewavuruga zaidi. Njeri hana kosa."

Aliagiza chakula cha aina moja, kidogo kidogo, pamoja na dawa ya kuwarudisha bakteria wema.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Njeri alimwambia bintiye.

Njeri alimgeukia Lynnette. "Ulikuwa ukiniona nikilia."

Jioni hiyo Lynnette alimweleza mama yake yote, kisha wakapita nyumba nne zilizochukua watoto wengine wa Sheba. Kila mlangoni aliukiri uongo wake upya, na haikuwa rahisi hata mara ya nne.

Baada ya mwezi Soksi alikuwa akifukuza kuku wa watu. Daktari Mishi alimpima, akatabasamu, kisha akamwita Lynnette. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ungenyamaza wiki moja zaidi, angekufa Soksi, na lawama angeibeba asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo."

"Ndiyo, Daktari."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Njeri alikuja akaketi kando yake. Alikata chapati yake katikati, akampa nusu.