Santuri ya Mzee Sabiti

"We kijana, toa sanduku lako juu ya mguu wangu!"

Ndivyo Mwaisha alivyomsalimu Salehe, stesheni ya Shinyanga, mwaka 1936, treni ya Tabora ikiwa imetoka kumwaga abiria, na waendao kwenye dhahabu ya Geita wakigombea maji ya kunywa. Salehe alivaa kanzu ya melimeli, koti la kijivu na tarbushi nyekundu. Mwaisha alijitanda kanga mpya zilizokuwa bado zinanukia upya wa dukani.

"Samahani, bibie. Ni vitabu vya Kiarabu. Nimetoka kusoma chuo kikuu Misri: lugha yao, mashairi yao, mila zao."

"Ehe! Yote hayo, na pa kuweka sanduku hawakukufundisha?"

Akacheka, na Salehe akawa amekwisha. Alikuwa mzaliwa wa Kahama, amekuja kufundisha madrasa mjini, na mwezi haukuisha akawa mteja wa kila siku katika duka la nguo la Mzee Sabiti, babake Mwaisha.

"Leo unataka kitambaa gani?" Mwaisha humuuliza.

"Kile cha jana."

"Cha jana hukununua."

"Si ndiyo maana nimekirudia, mpenzi?"

Mzee aliyaona yote akanyamaza kwa raha. Alipenda elimu, na aliota mkwe msomi. Mwishowe akamwalika: "Alhamisi njoo barazani kwangu, mwanangu. Kuna kitu nataka ukisikie."

Kitu chenyewe kilikuwa gramafoni, na santuri moja ya Kiarabu aliyoinunua kwa mpita njia. Kila Alhamisi baada ya alasiri, watu walivua viatu, wakakaa mikekani, ubani ukafukizwa. Kinamama walileta watoto wagonjwa karibu na pembe la gramafoni, wapate baraka ya kisomo. Mzee Sabiti hakujua Kiarabu zaidi ya sala zake, na nani alikijua pale? Mwimbaji alipopandisha sauti na kulia, naye alilia, machozi yakimlowesha ndevu.

Alhamisi aliyoalikwa, mwimbaji alipolia, Salehe akaangua kicheko.

"Jamani! Huyu anamlilia mwanamke aliyemnyima busu!"

Maganga muuza samli naye akacheka, na baraza zima likafuata. Mzee Sabiti aliinua sindano, akaingia ndani bila kuaga. Hapo ndipo Salehe alipomwona Mwaisha penye pazia la mlango, na kicheko chake mwenyewe kikakatika.

Kufika Jumamosi, sokoni walikuwa wanamwita mzee "Babu Busu". Duka likafungwa. Salehe alimvizia Mwaisha kisimani.

"Mwaisha, mpenzi, nilisema kweli tu."

"Kweli ulisema. Na kule kucheka, nako ulikusomea Misri?" Macho yalikuwa yamemvimba. "Baba yangu anaona haya kwenda msikitini. Msikitini, Salehe! Usiniite mpenzi."

Akajitwika mtungi akaenda zake. Salehe alibaki amesimama, uso unamwaka. Lo, Mwaisha angejua siri aliyokuwa nayo Salehe moyoni!

Alhamisi iliyofuata watu walijaa barazani. Umbeya haukosi wageni. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, kainama. Salehe akavua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikiwa.

"Baba, mwezi wangu wa kwanza Kairo nilipita mkahawani, nikasikia wimbo kama huu, nikadhani ni Kurani. Nikasimama katikati ya watu, nikainua mikono, nikaomba dua, nalia. Mkahawa mzima ulinicheka hata nikakimbia nikaacha viatu. Sijapata kumwambia mtu. Aibu ile nimekuja nayo mpaka huku, nikakutwika wewe. Nisamehe."

Wakacheka tena, sasa wakimcheka yeye. Maganga alijishika mbavu. Salehe hakuinuka, jasho lilimtiririka, akakaa akachekwa.

"Marahaba," mzee akasema hatimaye. Akaweka santuri. "Haya, tufasirie."

"Mbele za watu, baba? Ni maneno ya mapenzi."

"Msomi si wewe? Na upaze sauti, asikie na aliye nyuma ya pazia."

Salehe alitamani ardhi immeze. Akaanza. "Anasema, tangu uliponinyima uso wako, chakula hakipiti. Anasema, macho yako yameniua na bado nayataka." Mtu akaguna. Mwimbaji akamaliza, sindano ikabaki inakwaruza, na Salehe bado anasema. "Anasema amemvunjia mzee wako heshima, na hana uso wa kupita mlangoni kwenu. Anasema, ukimkubali hivyo hivyo na aibu yake, Jumapili atamleta mjomba wake aje kuposa."

"Santuri imekwisha, kijana," mzee akasema.

"Najua, baba."

Hakuna aliyecheka. Pazia likatikisika.

"Baba," sauti ya Mwaisha ikatoka, imejaa machozi, "muulize huyo mjomba anakula nini, nianze kuchambua mchele."