Mchezo wa Damaris

"Ambrose, jina lako linafanya nini kwenye kazi yangu?"

Damaris Whitlock aliutupa ukurasa mezani, wino bado mbichi. Mchumba wake Ambrose Tull, mchapaji wa vitabu hapo London, akajifuta mikono.

"Tulia, mpenzi. Mwanamke akitunga michezo ya jukwaani wanamwita malaya. Nakukinga."

"Unanikinga au unaniibia?"

"Jumapili tunaoana. Chako changu. Kuna ubaya gani?"

Damaris akatoka. Akatembea hadi mtoni, akarudi, akaenda tena. Hakukaliki. Alipofika kwake alikuta barua ya Joan, mwigizaji wa mchezo wake:

"Shoga, mchumba wako anawaambia watu kwamba pale mtoto anapokufa, alipaandika huku analia. Jana mabwana wakubwa walimpigia makofi. Njoo ukumbini leo mchana ujionee."

Yule mtoto alikuwa Susan, bintiye wa miaka minne, aliyekufa kwa tauni akiwa mapajani pake.

Alikwenda. Mchezo ulipoisha, ukumbi mzima ukaita, "Mtunzi! Mtunzi!" Ambrose akapanda jukwaani, akainama kwa madaha. Damaris akasimama katikati ya watu.

"Bwana Tull! Waambie huyo mtoto ni wa nani!"

Ambrose akamwona. Tabasamu likamfutika. Akarudi nyuma hatua moja.

"Sema!"

"Ni Susan," akasema kwa sauti ya chini. "Binti wa Damaris. Mchezo ni wa Damaris. Mimi sikuandika hata neno."

"Mwanamke?" mzee mmoja akafoka. "Rudi jikoni, we mama!"

Wengine wakazomea. Joan akaanza kupiga makofi peke yake, kisha wakamfuata watu wa viti vya nyuma, hadi mzee hakusikika tena.

Asubuhi Ambrose alibisha mlangoni, macho mekundu, ameshika ukurasa mpya: *Umetungwa na Damaris Whitlock.*

"Herufi nimezipanga mwenyewe. Nisamehe, Damaris. Jumapili bado ipo?"

Damaris aliuchukua, akalipapasa lile jina kwa kidole. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Nikiolewa nitaitwa nani?"

"Bibi Tull. Kwani?"

Damaris akamrudishia ukurasa.

"Chapa vitabu kwa jina hili, Ambrose. Harusi hakuna."