Jumbe Mia Nane na Kumi na Mbili

Ofisi ya kusajili simu ilikuwa imefurika watu, na tundu la umeme lilikuwa moja tu. Hapo ndipo walipokutana wawili wasiojuana, kila mmoja ameshika waya wa kompyuta yake. Dada alikuwa mtunza maktaba, kavaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa ya kutia daftari. Kaka alikuwa mwandishi wa programu katika ofisi ya bima, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye vifungo.

"Chomeka wewe, dada. Mimi chaji ninayo."

Uongo mtupu! Kompyuta yake ikazimika palepale. Dada akacheka, akamsogezea kiti. Kaka akachungulia kioo cha kompyuta ya dada.

"Mabano yote haya ya nini? Yanazaliana?"

"Hiyo ni Lisp, lugha ya kale ya kompyuta. Maneno machache, na kila kitu kinakaa ndani ya mabano. Wewe unaandika nini?"

"Java."

"Aa, ile ya kutaja ukoo mzima kabla ya kuomba maji!"

"Basi niite Bwana Maneno."

"Nami Bi Mabano. Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina milango elfu. Ukisahau kufunga mmoja, haingii mtu."

"Mabano hayohayo!"

"Umeninyima mji," dada akasema, na macho yake yakakaa usoni pa kaka kupita kiasi.

Haukupita mwezi, wakaanza kutengeneza programu yao, Kivuko. Kazi yake ilikuwa kumwezesha anayeandika Lisp kutumia yaliyokwisha kuandikwa kwa Java. Waliiweka mtandaoni iwe huria, mtu yeyote aisome, ainakili, airekebishe, bila kumlipa mtu. Na ndivyo kazi hiyo ilivyo: kila rekebisho, hata la koma, huambatana na ujumbe mfupi wa kueleza kilichobadilika. Wengine huandika maneno matatu makavu. Hawa wawili walipendana humo.

"Nimefunga mabano mawili uliyoyaacha wazi, laazizi. Ungepata mafua."

"Nimepunguza mistari arobaini ya Java. Bwana Maneno, pumua."

"Jaribio limepita. Nipo dirishani, mvua inanyesha, nakuwaza."

Miaka miwili, jumbe mia nane na kumi na mbili.

Kisha kampuni moja kubwa ikataka kuitumia Kivuko, na mwanasheria wake angeikagua Jumatatu. Jumapili mchana kaka akazitazama zile jumbe kwa jicho la mgeni, masikio yakamwaka moto. Akazikunja zote zikawa moja: "Toleo la kwanza." Chini yake pakatokea jina moja tu, lake, maana mtambo humwandika aliyekunja. Hilo hakuliangalia. Akaifuta na nakala yake ya zamani, mambo yawe safi.

Dada aliligundua Jumatatu, akimwonyesha mwenzake wa maktaba kazi yake. Alitafuta jina lake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mpenzi, jumbe zetu ziko wapi?"

"Nimesafisha kidogo. Programu yote ipo, haijapotea hata herufi."

"Niliyepotea ni mimi. Umenionea aibu?"

 Kaka angesema hapana, pengine yangekwisha. Akasema, "Ni mambo ya kazi, mama, usiyakuze."

Simu ikakatwa.

Katika programu huria, mkikosana kila mmoja huondoka na mtoto mzima. Dada alikuwa na nakala yake yenye jumbe zote. Akaifungulia ukurasa wake, akawa anaitunza peke yake. Aliandika, "Nimepunguza mistari sita," akangoja, akakumbuka hakuna wa kumjibu. Chai ikapoa mkononi.

Kaka naye alibaki na chumba chake na ile kampuni kubwa. Watumiaji wakiuliza jambo la Lisp, alisoma mara tatu asielewe, akawajibu, "Tutaangalia." Alikuwa peke yake. Jumapili alipiga pasi mashati matano, akayatundika, akakaa kitandani akiyatazama, hana wa kumwambia kuwa yamenyooka.

Miezi saba hivyo. Siku moja alasiri akaingia maktabani, akasimama mbele ya meza ya dada.

"Nataka kurudisha zile jumbe, wazi, kila mtu azione. Zipo kwako tu. Nimekuja kuomba."

"Ya nini kuomba? Leseni inaruhusu. Nakili uende."

"Leseni ndiyo. Wewe je?"

Dada akagonga muhuri kitabu. "Na ile kampuni?"

"Nimewaambia zinarudi. Wameondoka."

Dada akagonga kingine. Kisha akaigeuza kompyuta yake upande wa kaka. "Nilizisoma zote. Soma wewe, kuanzia ya mia sita."

Kaka akasoma kwa kusimama. Za dada zilikuwa ndefu: vitendawili, mvua, mama yake mgonjwa. Zake zilikuwa hivi: "Sawa." "Nimeona." "Safi." "Sawa." Mia moja na zaidi.

"Wewe ulidhani uliniacha ile Jumapili," dada akasema taratibu. "Mimi nilikuwa peke yangu tangu hiyo ya mia sita."

"Nilidhani nimeshakupata," kaka akasema.

"Ndiyo maana uliweza kuzikunja."

Watu walikuwa wakirudisha vitabu, wanapokezana mezani. Kaka akasubiri foleni iishe.

"Nizitoe hizi za 'sawa'?"

"Thubutu! Rudisha zote, hata hizo."

"Na sisi je, Bi Mabano?"

Dada akanyoosha kidole. "Ya mia nane na kumi na tatu haijaandikwa. Meza ile pale haina mtu."

Kaka akaketi. Akaandika, akafuta, akaandika. Watoto wa shule wakaja wakaondoka, jua likahamia rafu nyingine. Dada alikuwa akipanga vitabu bila kumtazama, ila alikuwa akihesabu kila alipofuta. Zilipobaki dakika ishirini kufunga, kaka akaigeuza kompyuta kumwelekea.

Ujumbe wenyewe haukuwa mfupi. Ulianza na ile simu, ukaenda nyuma mpaka ya mia sita, ukamuuliza dada kama mama yake amepona.

Dada akausoma hadi mwisho. Akaurudia. Halafu akavuta kiti.

"Mama alifariki mwezi wa tatu," akasema. "Sogea, nikusimulie."