Nafasi ya Mgeni

Mama wa bwana harusi wa wiki iliyopita aliiweka picha juu ya kaunta, akaigonga kwa ukucha.

"Huyu si wetu," akasema.

Jicho, binti mwenye studio, akainama kutazama. Ilikuwa picha ya pamoja, ile ya mwisho, ukoo mzima umepangwa kwenye ngazi za ukumbi. Pembeni kabisa, mkono wa kushoto, alisimama mwanamke mrefu mwenye bangili hadi viwikoni, nguo yake nyeupe kama ya bibi harusi. Watu wote walikuwa wametoka safi, hata vifungo vya mashati vinahesabika. Uso wa yule mwanamke tu ndio uliokuwa na ukungu.

"Labda ni wa upande wa pili."

"Nimewauliza. Na wao wanasema ni wa kwetu. Nifutie."

Kumfuta mtu kwenye picha ni kazi ndogo kwa mpiga picha wa harusi. Jicho alishafuta wachumba wa zamani, wajomba waliolewa pombe, hata mkwe mmoja aliyeachika kabla gundi ya albamu haijakauka. Akakaa mbele ya kompyuta, akamfuta yule mwanamke, akakata ukingo ili pengo lisionekane. Chai yake haikuwa hata imepoa. Ila aliponyanyuka, studio nzima ilinuka maua yaliyoozea kwenye maji, na nyuma ya pazia bangili ziligongana taratibu, kama za mtu anayezivua moja moja.

Akafungua pazia kwa nguvu. Hapakuwa na mtu.

"Panya wa siku hizi wanavaa bangili," akasema kwa sauti, akafunga studio akaenda zake. Ndivyo alivyoumbwa huyu Jicho: maneno mengi, woga kidogo.

Asubuhi alikuta picha ya Kitinda imeharibika. Kitinda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa harusi yake. Picha yenyewe ilikuwa ya siku ya mahafali yake, imetundikwa ukutani ili wateja waone kazi: Kitinda katikati, mama yao kulia, shangazi yao kushoto. Sasa mama na shangazi walikuwa wamesimama peke yao na nafasi kati yao, mkono wa mama umekumbatia hewa. Ukuta wa nyuma ulionekana vizuri, kama kwamba hapo hapajawahi kusimama mtu.

Jicho akakimbia nyumbani, akapekua albamu zote. Kitinda hakuwepo hata kwenye moja. Keki za kuzaliwa zilikuwepo, na mishumaa yake, na watoto wa jirani wanapiga makofi.

Mchana mama yao alipakua chakula, akasahau sahani moja.

"Mama, na mimi?" Kitinda akauliza.

Mama akashtuka hadi mwiko ukamponyoka. "Ee, mwanangu! Umeingia saa ngapi?"

Kitinda alikuwa amekaa naye jikoni tangu asubuhi, wanamenya vitunguu. Wakacheka wote wawili, lakini Jicho hakucheka. Kesho yake fundi cherehani alimuuliza Kitinda lile gauni analojaribisha ni la nani. Kesho kutwa mchumba wake mwenyewe alipishana naye mlangoni, akamwambia, "Samahani, dada," kama anavyoambiwa mtu usiyemjua, akaendelea na safari yake. Kitinda alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda cha Jicho, mikono yake baridi kama chuma cha asubuhi.

"Dada," akanong'ona. "Wewe unanikumbuka?"

"Acha upuuzi. Nani anaweza kukusahau wewe na midomo yako?"

"Basi niambie nilikuwa nalia vipi nikiwa mdogo. Ulikuwa ukiniigiza kila siku."

Jicho akafungua mdomo. Akatafuta, akatafuta tena, na pale ambapo kilio kile kilipaswa kuwepo hakukuta kitu. Akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, na juu ya nywele zake akasikia ile harufu ya maua yaliyooza.

Alhamisi jioni chama cha wapiga picha kilikutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la fremu. Walikutana, kama kawaida yao, kuazimana lenzi na kuwateta wanaoshusha bei. Jicho hakungoja ajenda. Akasimama, akawaonyesha picha ya mahafali yenye pengo.

"Kuna mwanamke mwenye bangili," akasema. "Nilimfuta. Nani anamjua?"

Mmoja akaanza kufuta lenzi iliyokwisha kuwa safi. Mwingine akakumbuka ghafla kwamba ameacha pikipiki nje. Mwenyekiti, waliyemwita Mzee Flashi kwa sababu ya flashi mbovu aliyoivaa shingoni kama hirizi, akamshika Jicho mkono akamtoa hadi kwenye korido.

"Umemfuta?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nani alikufundisha kazi?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Ndiyo maana." Akatazama nyuma, akasogea karibu. "Picha ya pamoja, mkono wa kushoto, unaacha nafasi ya mtu mmoja. Wote tunaacha. Wateja wanadhani ni ukingo wa fremu. Yule ni Mgeni, ni jini wa sherehe, alikuwepo kabla ya kamera. Akipata nafasi yake hasumbui. Ukimfuta, anachukua mtu wako kufidia. Anamshika kwa picha zake, hana mlango mwingine. Picha zikiisha, watu wanamsahau. Watu wakishamsahau, hayupo."

"Na mnapomwachia nafasi, hachukui mtu?"

Mzee akageuka arudi ukumbini.

"Mzee, nakuuliza. Anayesimama jirani na ile nafasi, huwa anakuwaje?"

"Si kila mara," Mzee akasema.

Damu ikamchemka Jicho. Maana kila mpiga picha anajua nani husimama pembeni. Katikati wanakaa wenye harusi, karibu yao wenye magari, halafu wenye sauti. Pembeni anasimama shangazi asiye na mume wala mtoto, binamu aliyekuja na viatu vya kuazima, mpishi aliyeitwa dakika ya mwisho. Hao wakipungua, nani atauliza?

"Kumbe mnamlisha!" akapaza sauti ili hata waliomo ukumbini wasikie. "Miaka yote mnamlisha wanyonge, mnasema ni ukingo wa fremu!"

"Punguza sauti, binti. Jumamosi usipige. Mwachie mwingine, aache nafasi, yaishe. Pengine atamrudisha mdogo wako."

"Pengine! Jumamosi napiga mimi, mzee, na nafasi siachi. Mwenye haya aje asimame na mimi. Na aje bila kamera."

Akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Jumamosi jua lilikuwa limeanza kulainika, ile saa ambayo wapiga picha huipenda kuliko chakula, Jicho alipowapanga watu kwenye ngazi za ukumbi. Kitinda alisimama katikati na gauni lake, akitetemeka. Bwana harusi alimshika mkono huku akimtupia jicho mara kwa mara, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Shangazi yao, yule anayekumbukwa vyombo vinapotaka kuoshwa, alikuwa ameshajiweka pembeni mkono wa kushoto bila kuambiwa. Na kando yake palikuwa na nafasi.

"Songeni!" Jicho akapiga kelele. "Mbavu kwa mbavu! Leo sitaki kuona hewa hapa!"

Wakacheka, wakasonga, nafasi ikazibwa. Akainama kwenye kamera, na nafasi ilikuwepo. Akainua kichwa, hapakuwa na nafasi. Akainama tena, ikawepo, na sasa imepanuka, na harufu ya maua yaliyooza ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na watu wakaanza kuchezesha pua bila kusema kitu, na bangili zikagongana nyuma ya sikio lake, karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi wa chuma shingoni, na ndani ya kioo cha kamera akaliona gauni la Kitinda limesimama wima pale katikati, mikono yake imejaa, kifua kimejaa, na juu ya kola hakuna kichwa.

"Nipishe," sauti ikanong'ona. "Niachie nafasi yangu nikuachie wako."

Kweli aliogopa, tusimpambe. Alitaka kuiacha kamera akimbie hadi viatu viishe soli. Ila alimwona shangazi akitabasamu pale pembeni, tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa kuwepo, na hasira ikauzidi woga. Na kwenye hasira ile akakumbuka neno la mzee. Anamshika mtu kwa picha zake. Sasa yeye Jicho, aliyeshika kamera tangu utotoni, ana picha ipi? Harusi zote zile alikuwa nyuma ya kamera. Huyu jini angemshikia wapi?

Akaiweka kamera ijipige yenyewe, taa yake nyekundu ikaanza kupepesa, akakimbia. Alipita kwenye ubaridi kama anayepita katikati ya shuka zilizoanikwa mbichi, akapanda ngazi, akasimama pale pale kwenye ile nafasi, akamkumbatia shangazi begani.

"Nipishe," sauti ikarudia, sasa mbele ya uso wake.

"Sikupishi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekosa wa kukupa jembe tu!"

Mtu akamgusa kutoka kushoto. Akageuka. Mzee Flashi alikuwa anahema, flashi yake mbovu inaning'inia, na nyuma yake wenzake wa chama walikuwa wanapanda ngazi, mikono mitupu, wanajisongeza mmoja mmoja. Wote walikuwa watu wa nyuma ya kamera, wasio na picha zao.

"Sogea, binti," Mzee akasema. "Tunabanana hapa hapa."

Kamera ikalia.

Kilio kikapasuka kule mbele ya ngazi, kikali, cha mtoto, kana kwamba Mgeni amekitema. Kitinda akaanguka kifuani kwa mumewe analia kwa kwikwi zile za kuvuta makamasi, na Jicho akakijua kile kilio. Ndicho alichokuwa akikiigiza. Bwana harusi akawa anambusu machoni, anamwita, anamwita tena, hataki kuliacha jina lake.

Ile picha ilitoka safi. Kitinda yumo, meno yote nje. Shangazi yumo. Jicho ametoka mdomo wazi, jicho moja limefumba, picha yake ya kwanza na sura kama ya mwizi wa kuku. Na mbele ya wote, peke yake chini ya ngazi, amesimama mwanamke wa bangili, mgongo kwa kamera, anatafuta pa kusimama.

"Huyu wa mbele anaharibu," mama yao akasema. "Mfute."

"Hafutwi mtu," Jicho akajibu.

Akaitundika ukumbini kwa chama. Mgeni alitaka kuwa kwenye picha, basi yumo, na hajatoka. Ila hatulii. Wakifungua ukumbi asubuhi humkuta amehama, mara yuko magotini kwa bwana harusi, mara mbele ya shangazi, mara amepanda ngazi mbili.

"Sasa na wewe una picha, mwanangu," Mzee Flashi alimwambia siku moja. "Umempa mlango."

"Mlango ni wangu, mzee. Na funguo ninazo mimi."

Siku hizi Mgeni haendi kwa wengine tena. Amesimama mbele ya Jicho wa pichani, wametazamana, pua kwa pua. Na kila Jumamosi, kabla ya kwenda kazini, Jicho huvuta kiti mbele ya ile picha, akanywa chai yake yote, harufu ya maua yaliyooza ikimpanda puani.

"Tafuta, bibi," humwambia. "Hapa pamejaa."