Pumzi Thelathini

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na mtu mwenye mambo mengi asingaliliona. Kwenye kioo cha ile kompyuta ndogo, mahali ambapo Thoya aliandaa mstari mmoja tu wa kuonyesha pumzi za mwanawe, palikuwa na mistari miwili.

Pumzi 1: 24. Pumzi 2: 6.

Thoya akainama akachungulia nyuma ya meza. Kifaa cha kuhesabu pumzi kilikuwa kimoja, kilekile alichokifunga kwenye mpira wa oksijeni ulioingia puani mwa mtoto. Mtoto naye alikuwa mmoja, Joy, wa miaka saba, kajilaza kitandani akichora samaki kwenye daftari. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Mistari miwili.

"Joy," aliita, "hebu vuta pumzi kwa nguvu."

Kimya.

"Joy!"

Penseli inakwenda tu.

"We Joy!"

"Labeka, baba."

Ndivyo alivyolelewa. Bibi yake Mejumaa, kule Kaloleni, alimkanya asiitikie jina lake kabla halijaitwa mara tatu, kwa kuwa binadamu ana subira ya kuita mara ya tatu na jini hana. Mercy, mamake, alizoea kulitania jambo hilo: "Huyu siku ya harusi yake padre ataita mpaka akaukwe na koo." Thoya alicheka naye. Yeye mwenyewe aliitikia kila kitu papo hapo, simu, mlango, hata mtu anayemwita mwingine njiani.

Joy akavuta pumzi. Mstari wa kwanza ukapanda. Wa pili haukutikisika.

"Baba," akasema mtoto bila kuinua macho, "mbona huyu mwingine anapumua polepole?"

Thoya alikuwa fundi wa kompyuta katika duka moja la Ndia Kuu, na ghorofa ile ya Kibokoni aliipanga kwa Bi Fairuz, aliyekaa chini. Joy alizaliwa na mapafu dhaifu, akaishi kwa mashine ya oksijeni, na mashine iliishi kwa stima. Kila mtu wa kisiwani anajua stima zetu zilivyo. Siku moja zilikatika wakati Thoya yuko dukani na Mercy yuko Mwembe Tayari akikata tikiti za mabasi ya bara, na msichana aliyeachwa na mtoto hakujua kuhamisha waya kwenye betri. Walipofika, midomo ya Joy ilikuwa ya buluu. Aliokolewa, lakini baba mtu hakulala tena usingizi wa haki.

Ndipo alipoleta kompyuta hiyo, isiyozidi kibiriti kwa ukubwa ukiondoa kioo chake, ya kuhamisha mashine kwenye betri yenyewe mara tu stima zikipotea. Taabu ni kwamba mfumo wake wa kawaida, kila ulipozimika, ulichukua sekunde arobaini kuamka, kwa kuwa ulibeba mazagazaga ya kila aina ya mashine duniani. Sekunde arobaini kwa Joy ni nyingi. Ikabidi Thoya aukarabati kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha vyuma vyote, abakishe kinachohitajika na kuyatupa mengine. Anayeunda kiini huulizwa maswali, moja baada ya moja. Unataka sauti? Unataka kamera? Unataka redio? Ndiyo au la, na maswali yenyewe yanapita elfu tatu. Kila swali lina jibu lake tayari. Ukilikubali, unabonyeza Enta.

Mia mbili ya mwanzo aliyasoma kwa makini. Kisha jua likafika utosini, mtoto akaanza kukohoa, taa ikafifia mara mbili kama inayoaga. Thoya akakiweka kidole juu ya Enta akakiacha papo hapo. Methali za haraka tunazijua sote. Shida ni kumpata anayezikumbuka saa ya haraka. Maswali yakateremka kwenye kioo kama siafu. Mmoja wa mistari ile haukuwa wa Kiingereza. Aliuona kwa pembe ya jicho, na alipotaka kuutazama ulikuwa umekwisha kupita.

Jioni ile kompyuta iliamka kwa sekunde tatu. Mercy alimkumbatia mumewe, wakalia wote wawili kwa furaha. Siku tatu baadaye ndipo mstari wa pili ulipotokea.

Jumatatu ulisoma sita. Jumanne, kumi, na wa Joy ukashuka hadi ishirini. Ikaja na harufu, harufu ya maji yaliyokaa gizani miaka mingi, yenye chuma na ukoga ndani yake. Mercy alifua mashuka mara mbili, haikutoka. Jumatano Joy alikuwa na kumi na sita, yule mwingine kumi na nne, na hapo Thoya akagundua jambo lililomtia baridi mchana wa jua kali: ukizijumlisha, kila siku ni thelathini. Kila pumzi iliyoongezeka huko ilikuwa imetoka kwa mwanawe.

Walimkimbiza hospitali. Daktari alipima, akasema mapafu hayajabadilika, akawaambia waongeze oksijeni, na kitanda hakuna. Waliporudi Thoya aling'oa kompyuta, akachomeka mashine moja kwa moja ukutani. Joy alianza kukakamaa papo hapo, macho yakageuka meupe, na baba alipoirudisha kompyuta ndipo mtoto aliposhusha pumzi.

"Baba Joy," Mercy alinong'ona, "hiki kitu hakitaki kutolewa."

"Ni mashine, Mercy."

"Basi iambie imwachie mwanangu."

Thoya akaufungua mlango. Alishuka kwa Bi Fairuz.

Bi Fairuz alikuwa na mambo mawili yaliyojulikana Kibokoni nzima: katika zama za simu za waya alikuwa akiunganisha simu za mji, na alijua kusema na wale wasioonekana. Mwenyewe alidai ni kazi moja.

"Shikamoo, Bi Fairuz."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Umeona nini?"

Alipanda ngazi taratibu, na kabla hajafika mlangoni akasimama, akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Hini ni harufu ya kisima changu," alisema. "Kisima kile kilizibwa kabla sijaolewa. Umekifanyani?"

Thoya akauonyesha waya wa kijani uliotoka kwenye kompyuta, ukapita dirishani, ukateremka ukutani hadi uani. Mashine za umeme zahitaji waya wa kwenda ardhini, tena ardhi yenye unyevu, na uani pale penye unyevu ni mahali pamoja tu, ukingoni mwa kifuniko cha zege. Alipigilia chuma pale.

"Ukapigilia bila hodi?"

"Ndivyo fundi anavyofanya, Bi Fairuz."

"Na hodi ndivyo mpangaji anavyofanya." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Thoya zaidi.

Thoya alichukua koleo akaukata waya pale pale. Wakatazama kioo. Kumi na sita, kumi na nne.

"Mgeni akishaingia," alisema bibi yule, "ukimfungia mlango umemfungia ndani. Ndia ulimpa wewe kwa waya huo. Sasa nambia, ruhusa alipewa na nani? Hawa hawaingii bila ya kuuliza. Alikuuliza lini?"

"Sikuulizwa na mtu," Thoya alianza, na maneno yakamkatikia mdomoni.

Alifungua laptopu. Majibu yote ya kiini huhifadhiwa katika faili moja, kila swali na jibu lake, na akateremka nayo mstari kwa mstari mpaka, baina ya mambo ya saa na mambo ya kamera, akalikuta neno asiloliandika: MGENI. Na mbele yake ile herufi moja ambayo kwa mashine maana yake ni ndiyo. Akaufuta. Akahifadhi, akafungua tena. Mstari ulikuwepo. Akaufuta mara nne, na mara ya nne Joy akalia usingizini kama aliyefinywa.

"Wacha!" Bi Fairuz akamshika mkono. "Nisikize. Nimekaa miaka mingi nikiunganisha simu. Si kila anayepiga umpe laini, lakini ukishampa, hukati kwa kung'oa ukuta. Kesho kaa pale pale ulipokaa, ulizwe upya yote, na yote uyasome kwa sauti. Adhuhuri ikifika atakuuliza tena. Usimjibu. Usiseme ndiyo, usiseme la. Mara ya kwanza huomba. Ya pili hutisha. Ya tatu huaga. Ngojea ya tatu, hata akuonyeshe nini. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Hujafahamu," alisema Bi Fairuz. "Lakini utajaribu."

Alhamisi, baada ya adhana ya alfajiri, Thoya alikaa mezani. Waya uliunganishwa upya ili mgeni apate njia ya kutokea, udi ukawashwa, na Bi Fairuz akaketi kwenye mkeka na sahani nyeupe aliyoiandika kombe, aya za zafarani zilizoyeyushwa kwa maji, tayari kumnywesha mtoto. Mercy alipanda kitandani akampakata Joy. Na Thoya akasoma. Alisoma mpaka sauti ikawa ya mzee, la, la, ndiyo, la, mamia juu ya mamia, na kila alipotupa jicho mstari wa kwanza ulikuwa umeshuka. Kumi na moja. Kumi. Tisa.

Jua lilipofika utosini stima zikakatika. Kompyuta ikahamisha mashine kwenye betri kwa sekunde tatu, kama alivyoiunda, na maswali yakasimama. Kwenye kioo likabaki moja tu.

"Tu wawili, pumzi ni za mmoja. Abaki mmoja?"

Thoya akaviondoa vidole kwenye vitufe, akavikalia. Moshi wa udi, uliokuwa ukipanda juu, ukainama ukaelekea kwenye kompyuta kama unaovutwa na pua. Chini uani kitu kizito kikakwaruza juu ya zege. Tisa, ishirini na moja. Alisema moyoni jina la Mungu na jina la mamake. Kisha swali likafutika, na kwa muda mfupi Thoya akaamini kwamba anaweza.

Likarudi. Neno kwa neno, mara ya pili, na pamoja nalo mashine ya oksijeni ikanyamaza, ingawa betri ilionyesha imejaa, na katika ukimya ule wakasikia pumzi ndefu, iliyolowa, isiyotoka kwa yeyote kati yao wanne, ikivutwa na kuvutwa na kuvutwa bila ya kutolewa, na Joy akaunyanyua mgongo kutoka mapajani mwa mamake, midomo ikaingia ubuluu uleule wa siku ile, na mstari wa kwanza ukasoma nne, ukasoma tatu, na Mercy akapiga ukelele, "Baba Joy, fanya kitu, anakufa, mwanangu anakufa!" na Bi Fairuz naye akamkemea, "Usijibu! Imebaki moja! Thoya, imebaki moja!" na mstari ukasoma mbili, na mtoto akamgeuzia babake macho yaliyotuna, akamtazama kama mtu anayeuliza mbona unaketi, na Thoya, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu amwite mara ya tatu, akautoa mkono wake akabonyeza ndiyo.

Abaki mmoja. Naam, abaki. Abaki mwanangu.

Mashine ikanguruma. Taa zikarudi. Moshi wa udi ukasimama wima, na harufu ikaondoka kwa ghafla hata wakakisikia chumba kikinukia sabuni. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja.

Pumzi: 30.

Joy akaketi. Akautoa mpira puani mwenyewe, akavuta hewa kifua kizima bila kukohoa, akatabasamu. Mercy alimfunika kwa mabusu na machozi. Thoya akaanguka magotini, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Bi Fairuz hakucheka. Alilimwaga kombe dirishani, akaifuta sahani kwa ncha ya leso. Mlangoni akageuka.

"Alikuuliza mara mbili tu, mwanangu," alisema, na akashuka.

Mchana kutwa Joy alikula. Alimaliza viazi vya karai, akamaliza na vya babake, akapanda na kushuka ngazi ambazo maisha yake yote alibebwa. Mercy aliimba jikoni. Thoya alimtazama mtoto akakataa kufikiri. Furaha aliyoililia miaka saba ilikuwa mbele yake na miguu miwili, aitafutie kasoro ya nini?

Lakini karibu na magharibi, Mercy alipompeleka mtoto chumbani kumbadilisha nguo, Thoya akiwa peke yake sebuleni, jina likamtoka kwa sauti ya chini, karibu ya kujisemea.

"Joy."

"Labeka, baba," ikajibu sauti kutoka chumbani.

Papo hapo. Kwa wito mmoja.

Thoya aliinuka akaupa mlango wa chumba mgongo. Kisha akashuka ngazi akijishika ukutani, akapita mlango wa Bi Fairuz uliofungwa, akatoka uani. Chuma chake kilikuwa bado kimesimama ukingoni mwa zege. Alipiga magoti, akaweka shavu juu ya kile kifuniko kilichozibwa kabla bibi yule hajaolewa.

"Joy," aliita. Kimya.

"Joy." Kimya. Alimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, kwamba asijibiwe.

"Joy, mwanangu."

Na kutoka chini sana, chini ya zege, chini ya mawe na maji, kikaja kisauti kilichochoka kungoja.

"Labeka, baba."