Barafu Ndani ya Kasha la Chanjo

Jumatatu ile muuguzi Mounira hakufungua mlango wa wodi ya wazazi. Wanawake wa Wamaza walimngoja kwenye baraza, mikono juu ya matumbo. Mwamvita, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa, ndiye aliyechoka akazunguka nyuma ya kituo cha afya. Mayowe yake yalifika sokoni.

Muuguzi alikuwa amelala chali chini ya ngazi za ghala. Kitenge kilikuwa kimelowa umande. Damu ilikuwa imekauka kisogoni.

Inspekta Gédéon alifika kutoka Kasongo kesho yake, tope hadi magotini. Alikuta umati umemzingira Raphaël, muuguzi wa pili, ambaye si mkunga. Mtu mmoja alishika dumu la petroli.

"Weka chini hilo dumu, baba."

"Muuaji ni huyu! Bursi ya masomo aliomba, wakamunyima, wakamupa Mounira!"

"Basi nitamuuliza yeye. Ukimuchoma, nitahoji majivu?"

Dumu likawekwa chini.

Habari ya ufadhili aliijua kila mtu. Mounira alikuwa amepewa fedha za kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi Bukavu. Kwa kuwa Wamaza haina benki, alizipokea taslimu Kasongo, akaja nazo kufunga mizigo na kuaga. Alizibeba ndani ya kasha la chanjo, kama wauguzi wa njia ile wafanyavyo. Wenye bunduki hupekua mifuko, hata viatu, lakini kasha la chanjo hawalifungui. Nao wana watoto.

Kasha lilikuwa ghalani, limefungwa vizuri. Fedha hazikuwemo; mlikuwa na vichupa vya chanjo na barafu tu.

"Nani alijua zimo?"

"Mimi," Raphaël alisema. Petroli ilikuwa bado ikinuka kwenye koti lake. "Na Djafari, mume wa Mwamvita. Ndiye anayebeba kasha kwa pikipiki yake."

"Ulimwonea Mounira wivu?"

"Sana. Nililia. Halafu nikamupigia pasi nguo za safari."

"Barafu hii uliiweka wewe?"

Raphaël alichungulia, akakunja uso. Alichukua kichupa kimoja, akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga. Ndani yake vilielea vipande vyeupe.

"Chanjo iliganda. Imeharibika. Inspekta, barafu haitoki kwenye firigo ikaingia kashani hapo hapo. Inaachwa kwanza mezani, itoe jasho, isigandishe chanjo. Mounira alinigombeza kwa kosa hili nilipoanza kazi. Siwezi kulirudia hata nikiwa usingizini."

Gédéon alifunga kasha. Mwizi huyu alijua kasha linataka barafu. Hakuna aliyemfundisha yaliyobaki.

Alimkuta Djafari nyumbani kwake, akichemsha maji. Mwamvita alikuwa akigumia kwa uchungu nyuma ya pazia.

"Mama iko namna gani?"

"Mutoto amekaa vibaya. Ametanguliza miguu."

"Pole sana. Barafu ya kashani, nani alikufundisha kuibadilisha?"

"Nawaona wakifanya."

"Ile ya zamani ilikuwa bado ngumu?"

"Ilikuwa maji matupu, nikaogopa chanjo za wa..."

Maji yalikuwa yakichemka.

"Malizia, ndugu yangu."

Djafari aliketi chini.

"Watoto wetu wawili walikufa siku ya kuzaliwa. Mara zote mbili Mounira alikuwa ameenda kwao Kasongo. Huyu wa tatu alisema atamugeuza kwa mikono, siku zikikaribia. Halafu bursi ikaja. Nilimuomba angoje mwezi mmoja. Akasema nafasi itapotea. Nikaona, bila fedha hawezi kwenda. Ningezirudisha siku ningesikia mutoto analia."

"Akakukuta."

"Alfajiri, nikifunga kasha. Alinishika shati. 'Djafari, ni wewe?' Hakusema lingine. Nikamusukuma nipite. Ngazi zilikuwa na umande."

"Alikuwa anapumua bado?"

"Ndiyo."

"Na hukumwita mtu."

"Nani, Inspekta? Mutu wa kuitwa alikuwa yeye."

Fedha zote zilikuwa chini ya kiti cha pikipiki. Gédéon alimfunga pingu. Pazia likasogea. Mwamvita alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mumewe.

"Inspekta, sasa nani atamugeuza mutoto?"

Gédéon alikimbilia mlangoni. Alimtuma mtu amwite Raphaël. Raphaël alinawa mikono, akajaribu mpaka jasho likamlowesha, kisha akatikisa kichwa. Mwamvita alibebwa kwa pikipiki ya polisi, katikati ya wanaume wawili, na barabara ilikuwa tope tupu.

Alipasuliwa Kasongo. Yeye alipona. Mtoto alizikwa siku hiyo hiyo.

Djafari yuko gereza la Kasongo, anangoja hukumu. Wodi ya wazazi ya Wamaza imefungwa. Wenye mimba ngumu hupelekwa Kasongo kwa pikipiki, na mvua ikinyesha, wengine hujifungulia njiani.