Sonara Anataka Kidole

Ijumaa ile soko la Kibiti lilikuwa limefurika, kila mtu anamaliza shughuli zake kabla ya swala. Feisal alikuwa anakatiza kwenye meza za samaki kwa haraka, kanzu nyeupe imenyooshwa pasi ikanyooka, marashi yanamtangulia hatua tatu. Fundi wa mashine za boti akioga akapendeza, lazima mji ujue. Basi msichana mmoja akainamisha deli lake kumwaga maji ya barafu, na maji yote, pamoja na sharubu za kamba, yakaishia kwenye kanzu.

"Lahaula!"

"Jamani kaka, samahani! Wallahi sikukuona."

"Hukuniona? Mimi na weupe wote huu?"

Msichana akamtazama kuanzia kofia hadi makubazi. Alivaa dera la zambarau alilolipandisha na kulifunga kiunoni, mtandio wa njano umeteleza begani, vidole vimesinyaa kwa baridi. Alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Nilidhani mtu kaanika shuka."

Feisal aliswali safu ya mwisho, jirani na mlango, kwa kuwaonea huruma waumini wenzake. Swala ilipoisha hakwenda nyumbani. Alirudi sokoni.

"Umekuja kudai kanzu?"

"Nimekuja kununua kamba. Kunuka nimeshanuka, bora nile kabisa."

Jina lake Yasmini. Kila asubuhi alishuka bandarini Nyamisati, akanunua kamba kwa wavuvi wa Salale, akawapanga kwenye barafu na kuwaleta Kibiti. Aliishi mjini hapo na mama yake, Bi Maryam. Hayo yote Feisal aliyajua siku hiyohiyo, na kamba aliowanunua akawasahau juu ya benchi la karakana mpaka paka wakawapata.

Baada ya hapo simu hazikulala mfukoni.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nitakulaje na sijakusikia?"

"Hebu toka hapa! Njaa yako haina adabu, inakula hata nikiwa sijapiga."

"Sema basi kama umenikumbuka."

"Nimekukumbuka. Mashine ya mjomba imezima tena."

"Aa, kumbe unaikumbuka mashine!"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Miezi sita haikupita, soko zima likawa linamwita Feisal "shemeji", naye akawa anaitikia. Siku moja wakinywa madafu nje ya karakana, akamgusia habari ya posa kwa mbali. Yasmini akalisukuma dafu pembeni.

"Kuna jambo nikwambie. Mama alivishwa pete mbele ya wanawake wa kijiji kizima. Haukuisha mwezi, kidole kikawa cha kijani. Kumbe shaba iliyopakwa rangi. Baba mwenyewe alidanganywa na sonara, lakini nani atamwamini? Mpaka leo, Salale kuna watu wanamwita Bi Shaba."

"Pole sana, mpenzi."

"Mie sitaki pete kubwa, Feisal. Nataka ya kweli. Kama huna uhakika, njoo mikono mitupu, nitakupokea. Ila mama asichekwe mara ya pili."

Maneno hayo yalimwingia. Alijua anapenda, alijua anapendwa, lakini sasa furaha yote ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa, sonara, na hakujua sonara hata mmoja. Akaanza kutafuta. Muuzaji wa kwanza alimtumia picha arobaini kwa simu kabla hajaulizwa swali, akampigia asubuhi, mchana na jioni. Feisal alipomwomba asugue pete moja kwenye jiwe la kupimia dhahabu, akajibiwa, "Kaka, huniamini?" Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Namba hiyo akaifuta.

Wa pili aliitwa Gharibu, na kazi yake aliifanyia chumba kimoja nyuma ya mafundi cherehani. Mtu mnene, mkali, mchoyo wa maneno, redio yake ya kusikilizia mpira haizimwi hata akiingia mteja. Feisal alimwonyesha picha ya pete yenye kito kirefu.

"Hii sitengenezi," Gharibu akasema.

"Kwa nini?"

"Mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Anauza kamba."

"Kito hiki kitanasa kwenye nyavu na kwenye miiba ya kamba, wiki ya pili kimeng'oka, halafu utakuja kunipigia kelele hapa. Chukua duara tupu, nene kidogo."

Kisha akatoa jiwe jeusi. Akamwambia Feisal asugue mwenyewe, kwanza kipande cha shaba, kisha dhahabu. Ikabaki michirizi miwili ya njano, imefanana kama pacha. Gharibu akadondosha tindikali. Mchirizi wa shaba ukatoweka, wa dhahabu ukabaki palepale. Feisal alihisi mzigo wa wiki tatu umemtoka kifuani. Sonara anayemkatalia mteja na kumpa jiwe asugue mwenyewe, akajisemea, ndiye huyu.

"Sasa niletee kidole," Gharibu akasema.

"Nataka iwe ghafla, asijue."

"Basi niletee uzi uliopimwa kidoleni. Pete si kofia, useme itamkaa tu."

Jumanne Feisal alikwenda sokoni na kipande cha uzi wa nyavu mfukoni. Yasmini alikuwa amezamisha mikono kwenye barafu tangu alfajiri, anachambua kamba wakubwa na wadogo. Feisal akamshika mkono wa kushoto, akauzungusha uzi kwenye kidole cha pete.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nakufunga usinikimbie."

"Kwa uzi huo? Utahitaji nanga!"

Akacheka, akarudisha mkono barafuni. Feisal akafunga kifundo kidogo pale uzi ulipokutana, akaondoka anapiga mluzi. Mwanamume akishajiona mjanja, hakuna wa kumwambia kitu.

Jumapili ya posa ilikuwa na joto la kuchemsha maji. Washenga walikaa barazani na barua yao, pamoja na baba mdogo wa Yasmini. Ndani, kina mama walijaa mpaka mlangoni, na Yasmini aliketi mkekani na gauni la kijani kibichi, hina mbichi mikononi, jasho likimtiririka chini ya mtandio. Bi Mwanawetu, shangazi yake Feisal, akafungua kijisanduku. Pete ikang'aa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Maryam akafumba macho, akasema alhamdulillahi.

Bi Mwanawetu akaivisha. Ikafika kwenye kiungo cha kidole, ikagoma.

"Legeza mkono, mwanangu."

"Nimelegeza, shangazi."

Akasukuma. Akazungusha. Ikaletwa sabuni, yakaletwa mafuta ya nazi. Pete haikusogea. Vigelegele vikafa kimoja kimoja, na sauti moja pale pembeni ikasema polepole, lakini si polepole ya kutosha, "Isije ikawa ilikatwa kwa kidole cha mwingine."

Bi Maryam alisimama akaingia chumbani akafunga mlango. Yasmini alitazama mlango ule, akasikia moyo wake unauma kwa mama kuliko kwa nafsi yake. Pete akaifunga kwenye pindo la leso na kusema posa ataijibu yeye mwenyewe. Washenga waliondoka na pilau haijaguswa.

Jioni simu ikaita mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akapokea.

"Yasmini, mpenzi wangu..."

"Ulimpimia nani?"

"Nilikupima wewe! Sokoni, Jumanne ile. Ule uzi."

"Ule uliosema unanifunga?"

"Nilikuwa napima bila kukwambia."

"Kidole ni hikihiki, Feisal. Hakijanenepa kwa siku kumi na mbili. Kama uzi ulikuwa wangu, pete hii ni ya nani?"

"Wallahi sijui kimetokea nini."

"Basi ukijua utanipigia."

Akakata. Feisal alikimbilia kwa Gharibu kesho yake asubuhi, amevimba macho. Gharibu akatoa bahasha, ndani mna uzi uleule na kifundo chake, akauvisha kwenye kijiti chake cha kupimia.

"Kipimo chako ndicho nilichokata. Pete haina kosa. Mwenye kosa ni aliyepima."

"Lakini nilipima vizuri!"

"Basi kaoe uzi," Gharibu akasema, akaongeza sauti ya redio.

Siku tatu Yasmini hakupokea simu. Kazini alikwenda, maana kamba hawasubiri mtu aliyevunjika moyo. Alhamisi asubuhi bandarini Nyamisati, boti tatu zilikuwa zimeingia pamoja, kelele tupu, na yeye ameinamia deli, mikono ndani ya barafu, anamlaani Feisal na papo hapo anamkosa vibaya sana. Alitaka kujua uzi ule ulikosea wapi. Akajiona tena pale sokoni, Feisal anamshika mkono, mkono wenyewe umetoka kwenye barafu, hausikii hata joto la vidole vyake.

Akasimama wima. Akautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vimesinyaa, vyembamba, ngozi imekunjamana. Akafungua pindo la leso haraka hadi nusura aiangushe pete majini. Akaivaa. Ikapita kwenye kiungo bila kuuliza swali, ikakaa.

"Mama wee!" akapiga kelele, wavuvi wakageuka. "Alinipima kwenye barafu! Mjinga huyu alinipima kwenye barafu!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Akapiga simu, mtandao ukasumbua, akapanda juu ya gati, akapiga tena.

"Feisal! Pete imeingia!"

"Imeingia wapi?"

"Kidoleni, wapi kwingine? Nilikuwa na barafu mkononi siku ile! Nielekeze kwa sonara wako tukutane huko, nakuja na mama."

Alifika Kibiti jua limeshapanda, na mkono nao umeshapata moto. Pete ikawa haivuki kurudi. Kidole kimebanwa, chekundu. Bi Maryam anamfokea na kumpuliza kidole kwa wakati mmoja. Feisal aliwakuta mlangoni kwa Gharibu, ovaroli limejaa oili, hakujua amkumbatie nani, akaamkia tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kuona," Bi Maryam akajibu kwa sauti kavu.

Gharibu alishika kile kidole, akakitazama juu ya miwani. "Nakata."

"Usiikate!" Yasmini akasema.

"Kidole au pete? Chagua."

Msumeno mwembamba ukaingia, pete ikaachia. Bi Maryam akanyoosha mkono. Gharibu alimwelewa. Akampa ile pete, akamsogezea jiwe jeusi na chupa ya tindikali. Mama yule akasugua pale ilipokatwa, ndani kabisa ambako rangi haifiki, akadondosha tone. Mchirizi ukabaki, wa njano, mnene.

"Mpaka ndani," akasema. Machozi yakamtoka waziwazi, naye hakuyafuta. "Mwanangu, ni dhahabu mpaka ndani."

"Nitaiunga na kuipanua," Gharibu akasema. "Safari hii kidole nakipima mwenyewe, kikiwa cha moto, mbele ya mwenyewe."

Yasmini akavuta mkono nyuma.

"Ngoja kwanza." Akamgeukia Feisal. "Umenipima kwa siri. Umetuma washenga kwa baba mdogo. Shangazi yako kaniletea pete. Watu wote mmewauliza, kasoro mie."

Feisal akavua kofia yake ya kazini, akaikunja mikononi. Redio ilikuwa inatangaza kona, na Gharibu, kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lile, akaizima.

"Yasmini binti Abdulhalim," Feisal akasema, "nakupenda. Unanikubali niwe mume wako?"

"Nakukubali. Nilikukubali zamani. Ila kuanzia leo ukitaka kujua kitu changu, niulize."

"Nitauliza."

"Haya." Akamnyooshea Gharibu mkono wa kushoto, vidole wazi, jicho lake kwa Feisal. "Pima."

Bi Maryam akapiga kigelegele humohumo ndani, kirefu, cha nguvu, kama cha msichana, na mafundi cherehani wa chumba cha mbele wakaacha mashine zao wakakiitikia.